Tuta la Nane

Mbeyu kalileta limefungwa leso,
leso kuukuu hata jina halisomeki,
akalilaza juu ya meza yangu ya randa
kama alazwavyo mtoto mwenye homa.
"Fundi, sina kidole kibaya.
Mwalimu wa kwaya anasema ninacho."

Mie fundi wa makabati, Shela ya Malindi,
mlango wa pili kutoka mashine ya kusaga.
Droo ikikwama naitwa.
Gita la besi nalijua kwa kifua, harusini, si kwa mkono.
Tena siku yenyewe haikuwa njema:
Shee, kijana wangu, amenuna pembeni,
mbao tatu asubuhi zimekwenda pogo
nami nimemwambia maneno.
Lakini mti ni mti. Nikamwambia Mbeyu, keti, piga.

Uzi mnene kuliko wote.
Freti, ndivyo azitajavyo; mimi naona matuta,
barabara nyembamba yenye matuta ishirini.
La tano: sauti ya mtungi.
La sita: mtungi.
La saba: zzzzz,
nyigu ndani ya kopo.
La nane: mtungi tena, limejitia halimo.

Nikashika tupa.
Nimekwisha kulikusudia la saba,
ndilo lililolia.
Mbeyu akaniuliza, wala hakuinua sauti:
"Kwani anayelia ndiye aliyepiga?"

Nikaiweka tupa chini.

Nikatafuta msumeno wa chuma uliokatika,
kipande chenye mgongo ulionyooka,
urefu wake matuta matatu, basi.
Juu ya la tano, la sita, la saba: kimetulia.
La sita, la saba, la nane: kimetulia.
La saba, la nane, la tisa:
ka-ta, ka-ta,
meza ya mkahawa yenye mguu mfupi.
Nikakisogeza upande wa nyuzi nyembamba: kimya.
Nikarudi upande wa uzi mnene: ka-ta.

Nikalibonyeza tuta la nane kwa ukucha.
Likazama.
Nikaliachia, likainuka.
Kumbe si refu.
Limeng'oka nusu, limekosa pa kukaa,
nami nilitaka kukata kichwa cha jirani yake.

"Linawekwa wapi?"
"Kanisani Muyeye, ukutani."
"Ukuta upi?"
"Ule unaolowa masika."

Nikafungua nyuzi, nikazikunja ndani ya kopo la maziwa.
Ncha ya wembe kwenye mfereji:
ikatoka chumvi, na uchafu mweusi kama wanja.
Tone la gundi. Kipande cha mvule juu. Kibano.
"Sasa tungoje mpaka alasiri."

Hakuondoka. Akanieleza miezi minne:
noti ile ya la saba ameikimbia,
anaifuata uzi wa pili, tuta la pili, mbali,
mkono unasafiri na kurudi,
anachelewa nusu pumzi.
Nusu pumzi hiyo
ndiyo mwalimu aliyoiita kidole.

Kibano kikatoka. Nikapima: ka, bila ta.
Karibu, si kamili.
Nikalipaka wino wa kalamu nene,
tupa mara mbili, nyepesi, kama kumfuta mtu chozi,
wino ukatoka katikati ukabaki ubavuni,
nikaliviringa mgongo, msasa, kitambaa.
Nyuzi zikarudi.

La saba: mtungi.
Akalipiga tena. Akalipiga mara kumi na moja, nilihesabu,
wala hakutabasamu; alikuwa kama mtu
anayehakikisha risiti.
La kumi na nne lina mkwaruzo kidogo, nikamwambia.
"Huko siendi," akasema,
akanipa mia tatu, akafunga leso.

Jua limekwisha kuingia hadi kizingitini.
Shee anafagia, hanitazami.
Sikusema kitu.
Nikachukua kile kipande cha msumeno,
nikakilaza juu ya meza yangu mwenyewe ya randa,
pale mbao zinapopita.

Ka-ta.