Jumapili, Ofisini Ruwi

Mashine mpya zimekuja na nailoni zake.
Muadh kafunga mitambo siku mbili, kasema:
nywila iwe ndefu, msiiandike popote.
Nikaitikia. Yangu i chini ya kibodi
kwa wino wa buluu: Wete, na mwaka mama alipohama.

Saa nne, kiyoyozi kinanguruma, barua pepe:
"Mhasibu mpendwa, lipa upesi riyali elfu nne na mia nane,
akaunti mpya. Nipo mkutanoni, usinipigie."
Jina la bosi. Picha ya bosi.
Mtambo mpya haukukohoa.

Kidole kilishafika kwenye kitufe.
Mpendwa?
Miaka kumi na moja Bwana Thuwaini
huniandikia "we Ghaniya", bila nukta,
"ushakunywa kahawa? walipe wale wa matairi".

Nikapiga. Alikuwa Barka, kwa kinyozi,
povu hadi masikioni.
"Mkutano gani? Usitoe hata baisa!"

Wenzangu walinipongeza kwa halua.
Nikacheka nao mpaka wakaondoka,
nikainua kibodi.
Karatasi ilikuwa imegandamana;
niliibandua kwa ukucha,
ikachanika, ikabaki
"We".