Watatu na Mmoja

Wa kwanza hana sauti.
Mwongozaji wake alikufa kabla redio haijafika Ngara,
akatuachia kivuli kinachopanda ngazi,
mkono mbele, mwili ukifuata ukipenda.
Hakuna tone la damu. Hakuna hata jino.
Mlango tu, na mwanamke aliyelala,
na vidole virefu kama mti uliopogolewa vibaya.
Shangazi Syombua anakunja miguu kwenye kochi.
"Huyu ana njaa ya kweli," anasema.
"Ananikumbusha mwaka wa ukame."

Utepe huo aliuunga baba kwa mkasi wa kushonea,
nyuma ya ukumbi ambamo sasa huuzwa viatu vya mitumba.
Pale alipounga, kivuli huruka ngazi mbili.
Nami kwa miaka arobaini
nimekuwa nikiusifu ustadi wa mwongozaji.

Wa pili ana joho, na ana rangi.
Mwongozaji huyu aliigundua nyekundu
kama mtoto aliyeachiwa kopo la chumvi:
kwenye shuka, kwenye mishumaa, kwenye kola za wachungaji,
nzito, tamu, kama sosi ya kibanda cha chipsi.
Mpwa wangu Mumo anacheka hadi anapaliwa na karanga.
Lakini mtazame vizuri.
Huyu ana jumba, ana watumishi, ana jina la ukoo,
anawamiminia wageni mvinyo asioonja.
Shangazi alimpigia pasi mtu wa namna hiyo, Muthaiga,
miaka sita.
"Hakuning'ata," anasema. "Alisahau kunilipa."

Wa tatu ni mzuri, na hapo ndipo penye tatizo.
Mwongozaji amemwosha, amempaka majuto,
amempa nywele za saluni na dirisha la kuegemea.
Anakunywa kwenye mifuko ya hospitali,
kisha anaomba radhi.
Kamera inamzunguka kama nzi juu ya muwa.
Mumo amenyamaza.
Ana miaka kumi na tisa, kuna mtu anampenda.
Simuulizi nani.

"Wa kwetu hakuwa na meno," anasema Shangazi
bila kugeuza kichwa.
"Mumiani alikuwa na ndoo. Na gari jekundu.
Pumwani, jua likishatua,
mama alituita ndani kwa majina yetu yote mawili.
Hakuna aliyemwona.
Kila mtu alimjua mtu aliyepotea."
Mbona huyo hakutolewa filamu? nauliza.
"Mwenye kamera angesimama upande gani?"

Stima inapotea
kabla wa tatu hajaamua afe au aoe.
Kwenye kioo cha dirisha kuna sisi na kochi,
na taa za Barabara ya Thika zinapita vifuani mwetu.
Nawawaza waongozaji wale:
maisha yao yote ndani ya giza, nyuma ya lenzi,
wakipiga vioo picha kwa mitego na hesabu
ili mnyonya damu asionekane humo,
wala wao wasionekane.
Na yeye, wanasema, haingii nyumba asiyokaribishwa.
Sisi tulipanga foleni. Tulikata tiketi.
Baba ndiye aliyezima taa.

Mumo anawasha tochi ya simu chini ya kidevu,
anatoa meno.
"Hilo la kushoto limeoza," anasema Shangazi.
"Zima. Unamaliza chaji."