Kiwiko cha Bomba

Jumanne usiku sinki langu lilitapika.
Si makombo yangu: mimi hula mkate na jibini,
huosha sahani moja, kikombe kimoja.
Yalipanda maji meupe yenye utando,
yakinukia asali.

Nikatazama dari.
Hapa Maribor, jengo letu la ghorofa tano,
bomba ni moja kutoka paani hadi chini ya barabara,
na siri za wa juu humteremkia wa chini.
Supu ya Ijumaa ya Bi Hermina naijua.
Siku anazofua soksi nazijua.

Nikapanda ngazi na ndoo mkononi, kama mwenye kesi.

Mlango u wazi. Jikoni mvuke umetanda.
Sufuria ndani ya sufuria, nta ya nyuki inayeyuka,
tambi zimening'inizwa kwenye sindano za kufumia,
vikombe vya mtindi vimepanga foleni dirishani.
"Novemba mosi ni keshokutwa," akasema, hakugeuka.
"Mishumaa ya dukani imevikwa plastiki nyekundu.
Ludvik haipendi."

Ludvik yuko makaburini mwaka wa tatu sasa.
Bado ana avipendavyo na asivyovipenda.

Nikauliza: sufuria unaioshaje?
"Kwa maji yaliyochemka. Nta yote huenda zake."
Huenda wapi, Bi Hermina?
Akalitazama tundu la sinki
kama mama aliyeulizwa mwanawe amelala wapi.

Nta hutoka hapo ikijifanya maji.
Ikifika kwenye kiwiko cha kwanza chenye baridi
hukumbuka kuwa ni nta.
Huketi. Huukaribisha unywele,
hulikaribisha shahamu la soseji, jani la chai,
wakapiga kambi.
Wahenga walituhimiza kuziba ufa;
habari ya kuzibua bomba walituachia wenyewe.

Nikalala chali chini ya sinki, ndoo ubavuni,
nikakizungusha kiwiko mpaka kikalia.
Kilichodondoka kilikuwa kinene kama kidole gumba,
kimepinda kama mzee anayefunga kiatu.
Hermina akakiosha, akakileta kwenye taa.
Kingoni palikuwa na miviringo, kama ya gogo lililokatwa:
wa njano, wa kijivu, wa njano tena.
Akaihesabu kwa ukucha.
"Mwaka juzi. Mwaka jana. Huu."
Kisha hatukusema kitu, na birika likapiga mluzi
hadi likachoka.

Nilimwonyesha ninayoyajua, nayo si mengi.
Sufuria ingali moto, ipanguse kwa gazeti,
gazeti lende takani, sinki lisijue lolote.
Ikishapoa, itie kwenye friza:
nta itabanduka yenyewe, kavu, kama kigaga.
Hata maji ya sufuria ya nje usiyaamini.
Yaache yalale; asubuhi utaokota utando juu yake
kama barafu ya kwanza kwenye dimbwi.
Maji yakimwagika hayazoleki, nilisema,
lakini nta ikimwagika huzoleka,
mradi umeipa muda wa kuganda.

"Ludvik naye alipenda kunifundisha," akanijibu,
akanipa kitambaa nifute sakafu.

Alhamisi kilima cha makaburi kiliwaka chote,
watu wamevaa makoti, wananong'ona, wananyoosha maua.
Yeye alikuja na mishumaa minane iliyonyooka,
na mmoja uliopinda.
Alikuwa amekitoboa kile kipande kwa sindano ya moto,
akapitisha utambi.
Nilimwambia hakitawaka.

Kiliwaka vibaya. Kilitema cheche, kikatoa moshi mweusi,
kikanuka sabuni, vitunguu, supu ya Ijumaa,
na familia ya kaburi la pili ikasogea kando.
Hermina alikiinamia akakikinga upepo kwa viganja.
"Mwache," akasema. "Alipenda sana kukaa jikoni."