Pembe, Shaba, Moja

Sanduku lilifika kambini Nsambya Jumanne ya mvua,
kamba imelegea, anwani imelowa,
na kwenye karatasi neno moja limebaki zima: PEMBE.
Chini yake, kwa wino wa kukisia: ya Kiingereza.

Koplo Oyirwoth wa stoo akalamba kidole,
akaandika: Pembe, shaba, moja.
Hakufungua sanduku.
Daftari halina haja ya macho.

Nilifungua mimi.
Hapakuwa na pembe, wala shaba,
ila vitufe vidogo vya fedha, kama vya gauni la harusi,
juu ya mti mweusi mwembamba,
na mwishoni uvimbe: pera lililomezwa na nyoka.
Shingoni mrija wa chuma umepinda kidogo,
kama mtu anayegeuka akisikia anaitwa
kwa jina lisilo lake.

Afande Kaahwa, mkuu wa bendi, akacheka hadi kofia ikahama.
"Hiyo ni zumari iliyokwenda shule!
Wapo wasemao Mfaransa alisema imepinda,
sikio likasikia Uingereza.
Wapo wasemao walikusudiwa malaika,
ulimi wa Mjerumani ukateleza.
Jina, kijana, ni kama deni la baa:
hulilipa aliyekutwa mezani."

Nikamkumbuka babu, Hoima, mpuliza makondere.
Watu wakisema pembe, pembe za mfalme,
naye nyumbani akipangusa vibuyu,
vibuyu vilivyoungwa, vyepesi kama ahadi.
Hakumsahihisha mtu.

Na sisi Wanyoro tumcheke nani kwa majina?
Ukija kwetu utauliza empaako yangu.
Nitasema Araali, nawe utalainika,
ilhali neno lenyewe lilivuka Nile na wageni
likaiacha maana ng'ambo.
Kilichofika ni upole tu.

Ulimi wa chombo ulikuwa umevunjika.
Nilizunguka Kampala, hakuna auzaye.
Likizo nikashuka bonde la Wambabya,
nikakata tete, nikalichana,
nikalifunga kwa uzi wa fundi viatu:
midomo miwili inayonong'onezana.

Usiku wa kwanza kikalia kama ndama aliyeuziwa mama.
Jirani akagonga ukuta.
Wa pili, akagonga. Wa tatu, akagonga kwa kiatu.
Usiku wa tisa hakugonga.
Asubuhi nikamkuta mlangoni na kikombe cha chai:
"Yule aliyekuwa akisikitika jana,
anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.
Pembe? Ya Kiingereza? Ya malaika?
"Abwooli," nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba walishakutana.

Mwezi wa sita ukaja ukaguzi.
Mkaguzi akasoma daftari: Pembe, shaba, moja.
Akautazama mti mikononi mwangu,
akanitazama mimi,
akatia tiki.