Safu ya Faida

Nimepewa faili la Rauno Hietala:
miaka mitatu Ulsan, Korea, fundi wa pampu za meli.
Bosi anataka jibu kabla ya Ijumaa, neno moja tu:
ilitulipa, au haikutulipa?

Gharama ni tiifu. Zinajipanga zenyewe:
pango la nyumba, ghorofa ya kumi na tisa;
ada ya shule ya Oskari;
tiketi tatu kila Krismasi;
kontena la vyombo kwenda, kontena la vigae kurudi;
mwalimu wa Kikorea, saa arobaini
(Rauno alihudhuria tisa).

Mkewe, Marketta, alifunga kliniki yake ya meno.
Hilo halina risiti.
Nililiandika kwa penseli, nikalifuta,
karatasi ikabaki na kovu.

Safu ya faida imenuna.
Mkuu wa mauzo anasema, "Tumejenga uhusiano."
Nikamwuliza uhusiano ni euro ngapi,
akacheka, akaenda kujaza kahawa.

Basi nikashuka mwenyewe hadi stoo.
Saa kumi na moja jioni, Tampere giza totoro,
ziwa limeganda mpaka ng'ambo.
Rauno alikuwa anahesabu nati.
Simu yake ikalia: kule kwao usiku wa manane.
Bwana Paek hakumaliza hata salamu,
aliilaza simu juu ya pampu.
Rauno akafumba macho, akasikiliza chuma
kama mtu anayemtambua nduguye kwa kikohozi.
Akasema maneno matatu ya Kikorea.
Tukangoja.
Ngurumo ikalainika,
na mtu, mbali sana, akacheka kwa kuchoka.

"Hukupata kuliandika hili?"
"Hakuna aliyeniuliza," akasema.
"Niliporudi waliniuliza funguo za gari."
Akaandika mia nne na sita,
akavuta boksi jingine.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa na daftari,
lina jalada gumu, lina mihuri,
na Jumatatu ikavuka daraja kwa miguu,
begi begani, simu mfukoni,
ikaingia lango la washindani wetu
wanaotengeneza pampu kama zetu,
mbaya kidogo kuliko zetu,
mpaka Jumatatu hiyo.

Bosi alitaka neno moja. Nimemwandikia:
Ililipa.
Hajaniuliza bado
ilimlipa nani.