Kisanduku chenye Nyota

Saiba ya Kariobangi, foleni ya watu wanne.
Kijana wa kompyuta anaivuta fomu chini, chini,
hadi palipoandikwa: Ujazo wa injini,
na nyota nyekundu kando, maana yake lazima.
Nikamwambia, andika sifuri.
Mashine ikakataa sifuri.
Nikamwambia, basi pache wazi.
Ikakataa wazi.
"Weka mia na ishirini na tano, siste.
Wote huweka hivyo."
Nikatazama nje, ilipoegemea ukuta wa kinyozi:
fremu niliyoichomelea kwa mkono wangu,
mota ya wati elfu tano katika gurudumu la nyuma,
betri niliyoiunga seli kwa seli
msimu mzima wa mvua, stima ikienda na kurudi.
Haina injini. Haijawahi kunusa petroli.
Nikalipa shilingi ishirini za kukaa, nikatoka.

Miaka miwili niliiendesha kama mwizi.
Pedeli nilizibakiza kwa ujanja,
ili nikiona kofia ya polisi pale Donholm
nizungushe miguu, nitwete,
nijifanye maskini anayepanda mlima.
Mlima upi, barabara ya Outering?
Askari mmoja alinitazama hadi nikamfikia.
"Unakanyaga vizuri, dada," akasema,
"ila mnyororo uko wapi?"
Akaniacha niende zangu na swali lake.
Usiku ule sikulala.

Popo wa hadithi alikwepa kodi:
kwa ndege alijiita mnyama, kwa wanyama ndege.
Popo wangu mimi alitaka kulipa.
Dirisha la kwanza: hii ni baiskeli, tusipotezeane muda.
Dirisha la tatu: baiskeli gani ya wati elfu tano?
Dirisha la kwanza tena: limefungwa, mwenyewe amekwenda chai.

Mkaguzi, Bi Kageha, viatu vyake vina vumbi la kweli.
"Iwashe," akasema.
"Imewaka."
Akainama, akatega sikio.
Akaiwekea mota kiganja
kama mtu anayepima homa ya mtoto.
Kisha akaniandikia nyuma ya bahasha:
vioo viwili, indiketa, taa ya breki,
honi isikike, maana hiyo yako huja kimya kama deni.
Nambari ya fremu. Bima. Kikomo cha mwendo.

Ochola alizigonga tarakimu kumi na saba kwenye chuma,
nyundo moja, tarakimu moja,
nami nikikunja uso kila pigo kana kwamba ni bega langu.
Nane ya mwisho ilikaa upande, kilevi.
"Hata wewe jino lako moja limekaa upande," akanambia,
"na kitambulisho unacho."

Na kuna waya mwembamba, wa kijani.
Ukiunganishwa, wati zote huketi chini kama darasa
lililosikia viatu vya mwalimu.
Ukikatwa, ah.
Naijua Thika Road saa tisa usiku waya huo ukiwa umekatwa.
Bi Kageha aliutazama, akanitazama.
"Nikishaondoka hapa, nani atajua?"
Sikumjibu. Nilifunga kifuniko kwa skrubu nne.
Ya nne iligoma. Nikaianza upya.

Akatoa fomu ya karatasi, ile ya zamani,
na katika kisanduku cha injini
akapiga mstari mmoja wa wino
akatia sahihi pembeni, ndogo, ya kujiamini.
Wiki sita baadaye bamba la nambari likaja
limefungwa kwa gazeti, kama samaki.

Pedeli nimezing'oa. Ziko msumarini karakana.
Leo Donholm askari yule yule aliinua mkono,
akasoma bamba, herufi kwa herufi,
akachungulia chini, bado anautafuta mnyororo,
akanipisha.
Nami nikiondoka taratibu, halali kabisa,
niliiona miguu yangu
ikizunguka hewani.