Nipe Mji

Katika mahandaki ya Mirihi, taa zikishapunguzwa,
Bi Mwanashee alitutegea vitendawili.
Tukishindwa, alinyoosha kiganja: "Nipeni mji."
Nasi, watoto tusiojua mtaa wala mvua,
tulimpa miji kama atupaye maganda ya njugu:
Chukua Siyu. Chukua Malindi. Chukua Faza.
"Faza nimekwenda," alisema,
"nikapikiwa, nikala, nikashiba,
nyinyi hata ukoko hamkuupata."
Ndipo alipotoa jibu.

Kimoja hakukitolea jibu.
*Chumba changu chakaa mabegani mwa nyumba mbili,
wapitao chini yake hawabishi hodi.*
Nikasema: tangi la hewa.
Mzamil akasema: bomba la nyaya.
Alicheka hadi kikohozi kikamshika.
Nipe mji.
Nilikuwa na miaka sita, na miji mingine ilikwisha gawiwa.
Nikampa Amu.
Hakwenda. Hakula. Hakushiba.
"Huu nauweka," alisema, akazima taa.

Leo nimeshuka, kipimo cha mnururisho kifuani,
mkononi fomu ya kurasa kumi na moja.
Nimetumwa kuhesabu kuta ambazo hazijaanguka.

Bahari imepanda hadi vidato vya ngome.
Usita wa Mui ni maji ya magoti,
kaa wanapita upande upande, kama wadeni.
Juu kidogo, Mkomani, chokaa bado inashika.
Boriti zimeoza, dari zimelala sakafuni,
lakini matumbawe hayaozi tena:
yalikwisha kufa kabla ya kuwa nyumba.

Ndani ya nyumba moja, birika limejaa maji ya mvua.
Nikamulika. Samaki, wadogo kama kucha ya mtoto mchanga,
wanakula viluwiluwi vya mbu,
kazi waliyopewa na mtu
ambaye hakurudi kuwaambia basi.
Fomu yauliza: *Wakazi?*
Nimepaacha wazi.

Halafu punda.
Kwetu punda lilikuwa jina la mashine inayogoma kuwaka;
sikujua kwamba lina masikio.
Alikuja akasimama ubavuni mwangu,
akanigeuzia mgongo, akangoja mzigo.
Sikuwa na mzigo. Nikamwekea mkono tu.
Akaondoka, kana kwamba tumepatana bei,
nami nikamfuata.

Kichochoro kikabana
hadi mabega yangu yakagusa huku na huku.
Ghafla kivuli. Nikatazama juu:
chumba kizima, kimeegemea nyumba hii na ile,
sakafu yake ndiyo dari yangu,
na dirisha moja lililobaki na nusu ya ubao.
Punda akapita chini bila kubisha hodi.

Safu ya tisa ya fomu: *Wikio, mangapi?*
Siku tatu neno hilo limenishinda.
Wikio, Bi Mwanashee.
Labda siku ile ulilitaja,
nami nikadhani ni kikohozi.

Jibu ninalo, wa kunirudishia mji sinaye.
Amelazwa kule, ubavu wa kulia,
ameielekea nyota ndogo ya buluu,
maana huku ndiko kiliko kibla.

Nikawasha redio. Mzamil anangoja takwimu,
Mzamil mwenye mvi na goti bovu.
Dakika kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi.
Nikasema: "Kitendawili."

Nikakaa kwenye baraza yenye ufa.
Punda akang'oa majani penye kizingiti cha mtu.
Mvua ikanyesha kidogo, ya kwanza maishani mwangu,
ikakoma. Sikuiandika popote.
Kisha mkwaruzo,
na kutoka mbali kule, ndani ya koo la mzee,
mvulana wa miaka saba:

"Tega."